Mtaa Unaozimwa ili Gridi Ipone

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Transfoma ikatripu, yaani ikajikata yenyewe, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na kujizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Habari za tumbili, ambaye alipona, zilizunguka dunia. Swali lenye uzito likaachwa nyuma: ilikuwaje megawati 180 tu zikatosha kuzima nchi nzima?

Hapo ndipo maoni yanapogawanyika. Kwa wateja wengi, pamoja na wenye viwanda, kukata umeme makusudi ni aibu ya shirika, na gridi nzuri haimkatii mtu. Kwa wahandisi wa ulinzi wa gridi, hakuna gridi duniani isiyopoteza mtambo au laini kubwa siku moja, na siku hiyo ikifika, kinachoizuia hitilafu isienee ni relei, vifaa vinavyopima umeme na kutoa amri ya kukata, zinazozima baadhi ya mitaa zenyewe, kabla binadamu yeyote hajagusa simu. Wengi huchanganya jambo hili na mgao. Mgao unatokana na uhaba, hupangiwa ratiba na huweza kudumu miezi. Ukataji ninaouzungumzia huamuliwa ndani ya sekunde moja, na mara nyingi umeme hurudi ndani ya saa moja au mbili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani masafa ya hezi 50. Mzigo ukizidi uzalishaji, mitambo hupungua mwendo na masafa hushuka. Yakifika karibu na 47.5, mitambo mingi hujitoa ili kulinda mapanga ya tabo zake, yaani magurudumu yanayoizungusha. Kila mmoja unaojitoa huiongezea pengo mitambo iliyobaki, nayo inafuata. Mtu anayesema gridi "imeanguka" anaeleza mnyororo huu.

Je, kuna muda gani wa kuukata mnyororo? Chukua tukio la Kenya la tarehe 6 Septemba 2024. Saa 2:56 asubuhi, laini ya msongo (volteji) wa kilovolti 220 kutoka Loiyangalani ilitripu kwenye kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana. Laini ya Ethiopia ikafuata na megawati zake 200. Jumla megawati 488, sawa na asilimia 27.3 ya mahitaji ya wakati huo. Sasa tuseme nguvu ya mzunguko iliyo ndani ya mitambo inayobaki ingeweza kubeba mzigo wote kwa sekunde nne, kiasi cha kawaida kabisa. Kwa pengo hilo masafa yangeshuka kwa hezi 1.7 kila sekunde. Hezi 49 zingefikiwa kabla sekunde haijaisha, na 47.5 kwa sekunde moja na nusu hivi. Relei nzuri hupima na kutoa amri kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, breka, swichi kubwa inayoikata laini, hufunguka kwa muda mfupi zaidi ya huo. Inawezekana kuwahi, ila nafasi ni finyu.

Wanaopinga husema: wekeni akiba, mitambo inayozunguka bila mzigo kamili, isubiri. Wana haki, na gridi zetu zinaihitaji. Lakini akiba ya mitambo ya maji ni nzito kuitika. Geti likifunguka, maji yaliyo bombani hayaongezi mwendo papo hapo, na kwa kitambo kidogo nguvu ya tabo hata hupungua kabla ya kupanda. Unasubiri sekunde kadhaa kwa jambo linaloamuliwa kwa sekunde moja na nusu. Ukubwa wa gridi nao una maneno. Kila mtambo wa bwawa la Julius Nyerere unazalisha megawati 235, na Tanzania mahitaji ya juu kabisa yalikuwa kama 1,900 mwanzoni mwa 2025. Mtambo mmoja ukitoka, zaidi ya asilimia 12 ya mzigo imekosa umeme, na usiku mahitaji yakishuka fungu hilo huwa kubwa zaidi. Ulaya ya bara, yenye gridi moja kubwa, haijui hatari ya namna hii kwa kupoteza mtambo mmoja. Sisi tunaishi nayo, kwa hiyo ukataji wa haraka ni lazima kwetu kuliko kwao.

Kuna takwimu moja ambayo kila mjadala wa suala hili ungepaswa kuanzia. Tarehe 14 Agosti 2003, kaskazini mwa Ohio, laini za kilovolti 345 zilipata joto, zikalegea, zikagusa miti, moja baada ya nyingine, kuanzia saa 9:05 alasiri. Waongozaji wa gridi hawakuona kitu: mfumo wao wa kengele ulikuwa umekwama tangu saa 8:14. Saa 10:05 laini ya Sammis–Star ilitoka, na dakika chache baadaye watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme. Mzigo uliopotea ulikuwa megawati 61,800. Wachunguzi walipofanya hesabu upya, waliona kwamba kukata megawati 1,500 katika eneo la Cleveland na Akron kabla ya Sammis–Star kutoka kungeweza kuzuia yote hayo. Gawanya: kila megawati moja ambayo haikukatwa ilizama na nyingine arobaini. Wala si mitaa ya mbali iliyoponzwa ili Cleveland ipone. Cleveland nayo ilizimika. Wakazi ambao hakuna aliyethubutu kuwakatia kwa saa moja walikosa umeme kwa muda mrefu zaidi, pamoja na maji, kwa sababu pampu zilisimama. Relei za kukata mzigo zenyewe msongo unapodhoofika hazikuwapo eneo hilo. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu, na watu hao kengele zao zilikuwa bubu.

Linganisha na tarehe 4 Novemba 2006. Ujerumani ilizima laini mbili juu ya mto Ems ili meli kubwa ipite, nyingine zikaelemewa, na gridi ya Ulaya ikapasuka vipande vitatu. Upande wa magharibi masafa yalishuka hadi 49. Relei zikakata takriban megawati 17,000, nyumba zipatazo milioni 15 zikazimika, na ndani ya saa mbili hivi kila mtu alikuwa amerudishiwa. Magazeti yaliandika kuhusu nyumba zilizozimwa. Mamia ya milioni ya watu ambao taa zao hazikuzimika hawakuwa na habari ya kuandikwa, na hiyo ndiyo shida ya kuutetea mfumo huu.

Hata hivyo hoja za upande wa pili si za kupuuzwa. Italia, Septemba 2003, ilikuwa na relei na zilikata mzigo mwingi, lakini mitambo mikubwa 21 kati ya 50 ilijitoa kabla masafa hayajafika 47.5, na nchi ikazimika. Ukikata mitaa huku mitambo yako imetegeshwa kukimbia mapema, unawaumiza wateja bure. Australia Kusini, Septemba 2016, masafa yalianguka kwa takriban hezi 6 kwa sekunde, relei hazikuwahi. Betri kubwa iliyojengwa baadaye Hornsdale, iliyoanza na megawati 100, huitika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na hapo wapinzani wana jibu bora kuliko akiba ya maji. Na Uhispania, Aprili 2025, tatizo lilianza kwa msongo kupanda kupita kiasi. Katika hali hiyo kukata mzigo huongeza msongo na kuharakisha maangamizi.

Kisha kuna swali la nani anazimwa. Uingereza, 9 Agosti 2019, relei zilikata sehemu ya mzigo, na uwanja wa ndege wa Newcastle ukawa miongoni mwa waliozimwa. Kwetu kishawishi ni kibaya zaidi: kuweka laini za mitaa ya wanyonge katika hatua ya kwanza, ile inayokatwa mwanzo, na kuziacha hapo miaka yote. Mtaa unaozimwa kila mara unalipia usalama wa mitaa isiyozimwa kamwe, na hakuna punguzo katika ankara yake. Hili ni dhuluma, na mhandisi hana udhuru wa kiufundi, kwa sababu zamu za mwezi hadi mwezi zinapangika kwa kubadilisha mipangilio ya relei.

Kazi yenyewe inahitaji uangalifu usioonekana. Hatua zigawanywe, mathalani kutoka 49.0 hadi 48.0 kwa vipande vidogo, ili pengo dogo lisizime watu wengi. Mzigo wa kila laini upimwe upya: laini iliyokuwa na megawati 12 inaweza kuwa na 5 saa sita mchana, paa za viwanda zikiwa zimejaa sola, na wakati mwingine umeme unatiririka kurudi, hivyo kuikata ni kuongeza pengo. Hospitali na pampu za maji zitenganishwe na laini hizo, au jenereta zake zijaribiwe zikiwa na mzigo halisi, maana zikiwashwa tupu haijulikani kama zitahimili.

Na gridi inapoanguka, mashirika yatangaze zaidi ya chanzo na megawati zilizopotea. Kila hatua ya relei ilikata kiasi gani, kwenye masafa gani, na ni mtambo upi ulijitoa kabla ya kiwango chake? Kwa majibu hayo mteja atajua kama mtaa wake ulizimwa ili gridi ipone, au ulizimwa na bado ikaanguka.