Mkanda kavaa, aufunge wapi?

Fundi akianguka kutoka jukwaa la ujenzi, maneno huwa yaleyale. Mkandarasi atasema, "Vifaa tunawapa, hawavai." Mafundi watakwambia helmeti hutoka stoo siku mkaguzi akija, jioni zinarudi zilikotoka. Nimewasikiliza wote, na sidhani kuna anayedanganya.

Tuanze na mkandarasi. Kibarua wa zege leo yuko Tegeta, kesho Mbagala. Umpe buti leo, hamtaonana tena, wewe wala buti. Anayelipwa kwa kipande, kila akisimama kufungua na kufunga ndoano ya mkanda wa usalama ni tofali ambalo halijapangwa. Na kwenye zabuni, aliyehesabu nyavu, jukwaa la chuma na afisa usalama hushindwa bei na ambaye hakuvihesabu. Hilo la mwisho ndilo zito.

Sasa panda ghorofa ya nne ya saiti moja ya Dar es Salaam. Fundi anapiga lipu, mkanda kiunoni ni mpya, unang'aa. Kamba kaizungusha, ndoano kaichomeka kwenye mkanda wenyewe. Nilipomuuliza akacheka: "Niufunge wapi kaka, kwenye mrunda?" Jukwaa lilikuwa la mirunda iliyogongewa misumari, ubao mmoja wa kukanyagia, reli hakuna. Hapo semina ingemfundisha nini? Kanuni ya usalama kazini ni kuondoa hatari kwanza, ikishindikana kuizuia, na vya kuvaa vije mwisho. Sisi tunaanzia mwisho. Helmeti ni rahisi, na kwenye picha inapendeza.

Wanaotaka mkono mzito wa dola hutaja Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, 29 Machi 2013: ghorofa 16 iliporomoka ikiendelea kujengwa, watu 36 wakafa, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kwa majengo ya aina hiyo niko nao. Sheria ya usalama na afya kazini tunayo tangu 2003, na OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, unaweza kusimamisha kazi. Ila mkaguzi hufuata bango la mradi. Nyumba ya mtu binafsi, yenye fundi mmoja, saidia fundi wawili na shimo la choo ambalo kuta zake hazijaegemezwa na chochote, haina bango. Huko watu hufa mmojammoja, na gazeti haliandiki.

Viwanja vya Olimpiki ya London 2012 vilijengwa bila kifo hata kimoja. Pesa walikuwa nazo, sikatai. Lakini Uingereza sheria humbana mwenye mradi pia, si mkandarasi peke yake, na hilo tunaweza kuliiga kwa namna yetu: fungu la usalama liandikwe kwenye mchanganuo wa gharama kama kiasi kimoja kwa wazabuni wote, lisishindaniwe. Kwenye miradi ya umma mwenye mradi ni serikali. Haihitaji kumbembeleza mtu.

Kwa majumba yetu wenyewe ndipo ninapokosa ujasiri wa kunyoosha kidole. Nilipojenga, fundi aliniandikia kukodi jukwaa la chuma kwa wiki tatu. Nilikata mstari ule kwa kalamu, nikamwambia tutatumia mirunda.