Amani duniani, ila nauli ongeza thelathini

Jamani hizi meseji za Krismasi zimenichosha, na mimi ni Mkristo kabisa, kwaya naimba. Kuanzia tarehe 20 simu haipumui, picha imejaa theluji (Dar hii ya Desemba, jasho mpaka kwenye kope) chini imeandikwa "tuombe dunia yenye upendo na amani", na juu WhatsApp inakuonyesha imeshaforwadiwa mara nyingi. Yani hata jina langu hujaweka ndugu yangu.

Sasa aliyeniudhi zaidi ni wakala mmoja pale stendi, stetasi zake zote malaika na Luka 2:14, "duniani iwe amani kwa watu aliowaridhia", naenda kuulizia tiketi ya Moshi ananiambia siti za bei ya kawaida zimeisha kaka, ongeza elfu thelathini upate, halafu kwenye tiketi anaandika bei ileile ya siku zote. Nikamuuliza hiyo nyongeza risiti yake iko wapi, akacheka tu. Mama ana mtoto mgongoni kaambiwa atakaa kwenye ndoo mpaka Moshi, na yeye kalipa hiyohiyo!

Afu Bethlehemu yenyewe tunayoibandika stika, 2023 walifuta sherehe za Krismasi sababu ya vita ya Gaza, kwenye grupu letu hakuna aliyegusia, tulikuwa bize kubishana mchango wa mbuzi.

Na wewe mhasibu wa kikoba uliyetuma video ya malaika saa sita usiku, hela zetu vipi? Tunakudai toka Pasaka.