Maharage ya Rojo hayakuota yenyewe

Juzi hapa Ohio, Marekani, nilimpeleka jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ofisi ya ugani ya kaunti. Alikuwa na udongo wa shamba lake kwenye vifuko vya nailoni, kila kifuko kimeandikwa ulikochimbwa: bondeni, karibu na ghala, kando ya barabara. Mhudumu akamjazia fomu ya maabara, wakakaa kuongea habari za mbolea kama watu waliozoeana. Kaunti zote 88 za jimbo hili zina ofisi kama ile, na nyuma yake kipo chuo kikuu cha Ohio State. Sheria ya Marekani iliyozaa vyuo vya namna hii, vya kufundisha kilimo, ni ya 1862.

Nikamkumbuka mjomba kule Mgeta, Morogoro. Maharage yake yalipokunjamana majani, alimpigia simu bwana shamba mpaka akachoka. Simlaumu bwana shamba. Ana kata nzima, na pikipiki haina mafuta.

Wala si kwamba kwetu hakuna wataalamu. Maharage ya aina za Rojo na Pesa yametoka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, watafiti wetu wakishirikiana na vyuo vya Marekani kwa fedha za serikali ya huko. Kuanzia 2011 mradi wa iAGRI, chini ya uongozi wa Ohio State, ulisomesha Watanzania zaidi ya 100 shahada za uzamili na uzamivu, wakiwemo walimu wa SUA yenyewe.

Ikaja 2025, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikafungwa, na miradi ya utafiti ya Feed the Future, mpango wao wa kilimo na chakula, iliyokuwa mikononi mwa vyuo vya Marekani ikaamriwa kusimama. Mbegu haijui amri hiyo. Mbegu za majaribio zisipopandwa msimu mmoja, kazi ya miaka inarudi nyuma.

Wengi wanawalaumu Wamarekani. Mimi naumia zaidi na upande wetu. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo, 2003, kwamba angalau asilimia 10 ya bajeti itakwenda kwenye kilimo, wakarudia Malabo 2014. Basi SUA na TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, wapewe fungu lao la mbegu, na litoke kabla ya mvua, si baada ya mavuno. Wageni waje, tushirikiane, ila watukute tayari tunalima.

Mjomba anaulizia Rojo ya kupanda masika. Nimempigia mwenye duka la pembejeo mjini Morogoro. Amebakiwa na kilo 4.