Maji ya plasma: nionyesheni vipimo kwanza

Mtu akiniambia ametengeneza maji ya plasma, yaani maji yaliyopitishiwa cheche za umeme hewani, yanayoua vijidudu na kukuza mboga, namuuliza kwanza kama ameyapima. Jina peke yake halinitoshi.

Kuyatengeneza si kugumu. Elektrodi yenye ncha inakaa juu kidogo ya maji, nyingine inazama ndani, kisha unapitisha umeme wa volti maelfu kadhaa. Mwanga wa zambarau unacheza juu ya maji na harufu ya ozoni inakupanda puani (ikikolea, fungua madirisha, inaumiza mapafu). Ni kazi ya radi hiyo: naitrojeni na oksijeni za hewani zinavunjwa, zinaungana upya, na zikiingia majini zinakuwa asidi, naitraiti na naitreti. Maji yenyewe nayo yanavunjika, na humo inapatikana haidrojeni peroksaidi.

Ila kwa macho huoni kitu. Niliwahi kuweka maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa, hayana chumvi) kwenye bika moja na maji ya kisima cha pwani kwenye nyingine, nikatumia mtambo uleule na dakika zilezile. Ya kwanza pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ilishuka hadi karibu na 3. Ya kisima ilitikisika kidogo tu, kwa sababu ni maji magumu, na bikaboneti iliyomo humeza asidi kadiri inavyoingia. Sasa hayo mawili tuyaite kwa jina moja?

Halafu kuna suala la muda. Ukidondoshea kitendanishi cha Griess, maji yenye naitraiti yanageuka rangi ya waridi, na kadiri naitraiti ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Nilirudia kipimo hicho siku ya pili kwa maji yaleyale yenye asidi, na waridi ilikuwa imefifia mno. Penye asidi, naitraiti na peroksaidi hulana. Katikati huzaliwa asidi ya peroksinaitrasi, kali kwa bakteria na isiyodumu, na mwisho hubaki naitreti. Hata sampuli iliyo mezani inaendelea kubadilika wakati unatafuta kalamu. Ndiyo maana wapimaji makini huongeza azaidi ya sodiamu ili kuiondoa naitraiti kabla haijala peroksaidi wanayotaka kuipima. Azaidi hiyo ni sumu kali, si ya kuchezea jikoni.

Kwa hiyo chupa isiyoandikwa maji yalitoka wapi, yalikaa mtamboni dakika ngapi, yalikuwa lita ngapi na yalitoka lini, mimi siwezi kuiamini, hata kama aliyeileta ni rafiki yangu.

Naitreti ni chakula cha mimea, kwa hiyo wapo wanaoahidi mbolea kutoka hewani; kwao naongeza swali la umeme. Mwaka 1905 huko Notodden, Norwei, mwanafizikia Kristian Birkeland na mhandisi Sam Eyde walikuwa tayari wanatengeneza mbolea kwa cheche. Walitumia sumaku kutandaza mwale wa umeme ukawa sahani ya moto, hewa ikapita humo. Kemia yao ilifanya kazi vizuri kabisa. Kilichowashinda ni umeme mwingi mno waliouhitaji, na njia ya Haber na Bosch, ya kuunganisha naitrojeni na haidrojeni kuwa amonia, ilipokuja, ikawapita. Napenda kuona wazo lile likirudi kwa paneli za jua shambani, nalitamani kwa dhati. Lakini nataka kujua gramu moja ya naitrojeni imekula umeme kiasi gani, na nataka kuiona namba hiyo kabla mkulima hajaombwa hela yake.