Ukienda Guangzhou, usigombee kiti cha mlango wa dharura

Katika ajansi za safari za Lubumbashi, msafiri wa kwenda China huuliza kwanza bei, kisha kilo za mizigo, na akikumbuka habari ya kiti husema: "Nitafutie penye nafasi ya miguu." Ombi hilo, ambalo mara nyingi huishia kwenye kiti cha mlango wa dharura, nalipinga. Miguu ina ujanja wake: hukunjwa, husukumwa chini ya kiti cha mbele, na ikichoka mtu husimama. Mabega hayana pa kwenda. Aliyebanwa mabega usiku kucha, tena akawa anaamsha watu wawili kila akitaka kwenda chooni, hatafarijiwa na nafasi iliyoko mbele ya magoti yake.

Kwa hiyo mimi naanza na aina ya ndege, kisha kiti cha korido katika kundi la kati, yaani viti vilivyo kati ya korido mbili, kisha mahali pa mstari. Miguu inafuata nyuma.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi Addis Ababa ni kama saa nne. Hapo kaa popote, wala usilipe hata dola moja ya kuchagua. Kipande kinachouma ni Addis hadi Guangzhou, saa kumi na zaidi, na mara nyingi ni usiku. Pesa na akili ziende huko. Anayepitia Nairobi atumie hesabu hiyohiyo.

Ethiopian Airlines ina Boeing 777, Boeing 787 na Airbus A350 kwa safari ndefu, na hizi tatu hazifanani hata kidogo kwa anayekaa nyuma, daraja la kawaida. Tazama tiketi au ukurasa wa safari yako kwenye tovuti: 359 ni A350-900, 788 na 789 ni Boeing 787, 77L na 77W ni Boeing 777. Karatasi ya ajansi isipoonyesha, ingiza jina la ukoo na ile namba ya herufi sita za uhifadhi kwenye tovuti ya shirika, aina ya ndege itaonekana kwenye maelezo ya safari. Kiti cha A350 chenye mpangilio wa 3-3-3 (viti vitatu, korido, vitatu, korido, vitatu) kina upana wa karibu sentimeta 45 kati ya egemeo la mkono na egemeo la mkono. Cha 787, chenye mpangilio uleule, ni 43 au 44, kwa sababu ndege hiyo ni nyembamba kidogo na mashirika mengi yalichagua kuweka viti tisa mahali ambapo vinane vingekaa kwa raha. Kwenye 777 inategemea aliyeipanga: yenye viti tisa kwa mstari ni pana kabisa, lakini siku hizi nyingi zina kumi, 3-4-3, na kila mtu anabaki na sentimeta 43 hivi. Sentimeta mbili zinaonekana za kuchekesha kwenye rula. Ziweke kati ya wanaume watatu waliolala, uone nani atakuwa anacheka.

Ukiwa na uhuru wa tarehe na bei zikikaribiana, chagua siku yenye A350. Hilo litakusaidia kuliko kiti chochote utakachokilipia kwenye 777 ya viti kumi.

Kuna na habari ya hewa. Katika ndege za vizazi vya zamani, 777 ikiwemo, hewa ya ndani huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. A350 na 787 huiweka kwenye mita 1,800 hivi. Lubumbashi iko mita 1,200 na kidogo juu ya bahari, Bukavu kama 1,500, kwa hiyo mwili wa mtu wa kwetu hauoni mabadiliko makubwa. (Uwanja wa Addis wenyewe uko mita 2,300. Ndani ya A350 utapumua vizuri kuliko ulipokuwa unasubiri kwenye benchi.)

Sasa kiti. Kwenye 3-3-3, ukikaa korido ya kundi la pembeni, wawili wa ndani, wa dirishani na wa katikati, hawana njia isipokuwa kupita mbele ya magoti yako. Ukikaa korido ya kundi la kati, anayeweza kukuamsha ni mmoja tu, na huyo ana pande mbili za kutokea: kwako au kwa yule wa upande wa pili. Kwenye 3-4-3 pia, korido ya kundi la kati inakupa msumbufu mmoja badala ya wawili. Herufi hazifanani toka shirika moja hadi lingine, kwa hiyo usikariri "D" au "G". Tazama mchoro, utafute kiti chenye korido upande mmoja na kundi la kati upande mwingine.

Walio wawili wachukue korido mbili za kundi la kati la viti vitatu, waache kile cha katikati. Ndicho kiti ambacho hakuna anayekichagua kwa hiari, na ndege isipojaa hubaki wazi. Akitokea mwenyewe, mmoja wenu ampe korido. Sijui ni nani angekataa.

Korido ina dhambi zake. Toroli ya chakula hugonga kiwiko na goti la aliyelala ametokeza, na wapitao hushika kichwa cha kiti. Ila ina siri ambayo wengi hawaijui: egemeo la nje, lile la upande wa korido, mara nyingi hunyanyuka. Pitisha vidole chini yake karibu na bawaba, utakuta kitufe au kishikizo kidogo. Kibonyeze, kisha inua. Kiuno kinapata nafasi na kutoka kunakuwa rahisi. Wakati wa kuruka na kutua lishushe.

Dirisha nampa mtu anayelala kama gogo na asiyeamka kwenda chooni. Huyo atapata ukuta wa kuegemea kichwa. Akienda mashariki achague upande wa kushoto, maana jua litachomoza mbele na kuhamia kulia, na kwa saa ya Lubumbashi itakuwa bado ni usiku wa manane.

Nirudi kwenye mlango wa dharura, maana huko ndiko pesa nyingi hupotea. Kiti hicho kina nafasi mbele, kweli. Lakini meza na mara nyingi skrini vimefichwa ndani ya maegemeo, kwa hiyo maegemeo ni manene, hayanyanyuki, na kiti kimepungua upana. Umelipa zaidi ili ukae pembamba zaidi. Kwenye ndege kubwa, kile cha dirishani mara nyingi kinakabiliana na uvimbe wa mlango, sanduku lenye mtelezo wa dharura ndani yake, na goti moja linakosa pa kukaa. Baridi hutoka mlangoni usiku kucha. Watu husimama hapo kusubiri choo na kupiga soga. Juu ya hayo, wahudumu hawatakuruhusu kukaa hapo ukiwa na mtoto, ukiwa mjamzito, au ukiwa na tatizo la kutembea. Watakuhamisha, na watakuhamishia palipobaki.

Kwa mfanyabiashara kuna kasoro nyingine ambayo peke yake ingetosha. Mlangoni, na vilevile mstari wa kwanza nyuma ya ukuta, hakuna kiti mbele, kwa hiyo hakuna pa kuweka mkoba. Wakati wa kuruka na kutua kila kitu kinapanda juu kwenye kabati. Ule mkoba wenye dola, pasipoti na karatasi za mzigo utakuwa juu ya kichwa chako au, kabati likijaa, mistari mitano nyuma, na wewe umefungwa mkanda. Anayekwenda kununua bidhaa za soko la Kenya, lile la Lubumbashi, au za duka la mjini ana sababu ya kutaka mkoba wake uwe kati ya miguu.

Ule mstari wa ukutani una jambo lingine: ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa. Mama mwenye mtoto mchanga apiganie hapo, aombe kitanda mapema kupitia ajansi, maana ni vichache na vina kikomo cha uzito. Wengine wapaache.

Kuhusu mbele au nyuma: mbele ya mabawa kuna utulivu zaidi wa kelele, kwa sababu mngurumo wa injini huenda nyuma. Juu ya mabawa mtikisiko ni mdogo. Mkiani ndipo ndege huyumba zaidi. Mimi ningekaa mistari michache mbele ya bawa, mbali angalau mistari minne na choo au jiko. Mstari ulio mbele tu ya mlango wa dharura, na ule wa mwisho kabisa, mara nyingi viti vyake havilali au hulala kidogo. Mwisho pia ndipo chakula hufika kikiwa kimebaki cha aina moja. Kuna ubaguzi mmoja mzuri: kwenye 777-300ER mwili wa ndege hupungua nyuma, na mistari ya mwisho huwa na viti viwili dirishani badala ya vitatu. Mume na mke wakipata hapo, bila mtu wa tatu, na upenyo mdogo kati ya kiti na ukuta wa kuweka mto, wasiuache. Anayetoka Kinshasa kwenda Brussels kwa Airbus A330 anapata viwili-vinne-viwili, raha hiyo hahitaji kuitafuta mkiani.

Chini ya baadhi ya viti kuna sanduku la vyuma la mitambo ya skrini, nalo hula nafasi ya mguu mmoja. Mchoro wa shirika hauonyeshi hilo kila mara. Tovuti ya aeroLOPA huchora viti kwa vipimo halisi, na madirisha yalipo, ili usije ukalipia "dirisha" linalotazama ukuta mtupu. Na namba ya nafasi ya miguu, ile ya sentimeta 79 au 81, hupimwa toka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti kinachofuata. Kiti chembamba chenye 79 kinaweza kukupa magoti zaidi ya kinene chenye 81.

Kwa utaratibu wenyewe: siku unaponunua, mwambie wa ajansi akupe namba ya uhifadhi ya shirika linalorusha ndege, si ya ajansi tu. Tiketi ikiuzwa na shirika moja na kurushwa na lingine, viti huchaguliwa kwa yule anayerusha. Hakikisha namba yako ya simu na barua pepe viko ndani ya uhifadhi. Vikiwa vya ajansi peke yake, ujumbe wa mabadiliko utaishia huko. Chagua kiti, kisha rudi kukitazama siku tatu kabla. Ndege ikibadilishwa kutoka A350 kuwa 777, mfumo hugawa viti upya wenyewe, na uliyekuwa korido unaweza kujikuta katikati bila kuulizwa. Kama ulilipia, tunza risiti ili udai. Usipotaka kulipa, subiri usajili wa mtandaoni ufunguke, kwa mashirika mengi ni saa 24 au 48 kabla, na uwe mbele ya simu saa hiyo, si jioni yake. Pale Luano, usiondoke kaunta kabla ya kusoma pasi zote mbili za kupandia ndege. Namba ya kiti cha kutoka Addis ndiyo ya kuitazama.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya saa nne na zaidi ya kukaa bila kujongea. Bado ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, lakini wanene, warefu wa zaidi ya mita 1.90 na wafupi wa chini ya mita 1.60 wako hatarini zaidi. Mfupi huumia kwa sababu ukingo wa kiti hubana nyuma ya goti. Aweke mkoba wake chini ya nyayo. Mwenye korido husimama bila kuomba ruhusa, na kwa hiyo husimama kweli.

Na ukiwa umepewa kiti cha katikati licha ya yote, usigombane langoni. Subiri milango ifungwe, inua kichwa uhesabu viti vitupu vya kundi la kati, kisha umwombe mhudumu kwa upole kabla ndege haijaanza kutembea. Ukisubiri taa ya mkanda izimwe, mwenzako wa mstari wa nyuma atakuwa ameshalala juu ya viti vitatu.