Pikipiki Iliyokimbia Choo

Hapa Coventry mimi ni mtu wa ghala, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi nachora katuni za wazee na pikipiki zao. Usicheke, wateja wapo. Kuna wazee huku wanapenda pikipiki za Kiingereza kuliko wajukuu, na wake zao kila mwaka wanahangaika na zawadi: soksi anazo, kofia anazo, spana anazo hadi zile za vipimo vya Whitworth ambazo hazifungui nati ya gari lolote la leo. Ndipo nabishiwa hodi mimi. Unaniletea picha ya mzee na picha ya chombo chake. Mzee namchora kichwa kikubwa kama fenesi, pikipiki inamstahimili chini, tunamaliza.

Mwaka juzi akaja bibi wa nyumba ya pili. Mumewe anatimiza miaka 70, na ana Triumph Bonneville T120 ya 1966, cc 650, iliyoundwa Meriden, maili chache tu kutoka hapa. Kiwanda kilihamia huko baada ya Wajerumani kukipiga mabomu kile cha mjini mwaka 1940, na kikafungwa 1983. Historia hiyo nilipewa nikiwa mlangoni na taulo kiunoni. Sharti la bibi lilikuwa moja: nichore na trei yake ya kuokea keki. Pikipiki ile inavuja oili tangu hawajaoana, na trei yake nzuri imekaa gereji kuikinga matone mwaka wa thelathini huu.

Nikachora. Jamani, nilichora! Mapezi ya injini niliyahesabu moja moja. Mzee nikamgeuzia uso kwa mtazamaji, anacheka, pua imepinda vilevile kama ilivyopinda siku alipoanguka ujanani. Bibi akaja kuangalia, akafuta machozi, halafu akauliza kwa adabu kama naweza kumgeuza aelekee upande wa pili. Picha itatundikwa kwenye korido. Kushoto kuna choo, kulia kuna mlango wa mbele.

"Hivi alivyo," akasema, "anaonekana amebanwa."

Kugeuza picha kwenye tableti ni kugusa mara moja. Nikagusa. Tangi likasoma HPMUIRT. Hapo nikajiona mjanja wa wajanja, maana herufi tano kati ya zile saba hata ukizigeuza hazijali, zenye kinyongo ni R na P tu. Nikazipanga upya zote, nikanyoosha na namba ya usajili, ile D ya mwaka 1966 ikarudi mwisho. Nikachapa, nikatia fremu, nikalipwa. Picha ya fremu nikamrushia Ba'mdogo Tanga, nimringishie kidogo. Yeye ni fundi pikipiki pale Ngamiani, na ufundi aliuanzia kwenye BSA Bantam, pikipiki ya Kiingereza pia. Akajibu kwa sauti, dakika nne. Sikufungua. Salamu za Ba'mdogo huanzia kwa marehemu.

Sherehe ilikuwa Jumamosi bustanini kwao. Nilikwenda na sambusa. Wazee walikuja na vyombo vyao: Norton Commando, BSA mbili za kiwanda cha Small Heath, na mmoja alikuwa na Bonneville mpya ya kiwanda cha Hinckley, isiyovuja hata tone, na nadhani ndiyo maana walimpa kiti cha pembeni. Kitambaa kikavutwa. Makofi. Kisha makofi yakaanza kukatika, kuanzia upande wa wale wa mbele. Mzee wa Norton akatoa miwani, akaipangusa kwenye shati, akainama.

"Kiki iko wapi?"

Kimya.

"Na gia?"

Msomaji, pikipiki za Kiingereza za enzi hizo gia yake iko mguu wa kulia, na kiki iko kulia. Kushoto ndiko kwenye breki ya nyuma, cheni na stendi ya pembeni. Mimi nilimchora mzee akielekea kushoto, kwa hiyo nilichora upande wa cheni. Nilipomgeuza, cheni na stendi vikahamia kulia, kiki ikatoweka duniani. Bonneville yenyewe ilihamishia gia kushoto mwaka 1975, kwa sababu ya sheria za Marekani. Mimi kwa kidole kimoja nilikuwa nimeihamisha miaka tisa kabla ya kiwanda. Kitu pekee kilichonusurika ni trei, kwa kuwa trei haina kulia wala kushoto.

Wazee wakagawanyika. Mmoja akadai huenda ni ya majaribio, haikuingia sokoni. Mzee wa BSA akasema watu wa Triumph siku zote kulia na kushoto kwao ni mtihani. Yule wa Hinckley akasema kwenye yake gia iko kushoto na hajapata shida. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nyuma ya sahani ya sambusa, nazipanga upya.

Kisha wakahamia usoni. Pua hii imepinda siko. Hafanani kabisa. Huyu ni nani?

Mwenye sherehe alikuwa hajasema neno. Akasogea mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo cha fremu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Miaka yote napigwa picha, natoka kama shemeji yangu. Hii ndiyo sura yangu."

"Hiyo ndiyo unayoiona ukinyoa ndevu," bibi akamwambia.

Hakusikia. Hukumu ikatoka hapohapo: pikipiki irekebishwe, sura isiguswe.

Jioni nikaifungua sauti ya Ba'mdogo. Dakika ya kwanza marehemu, ya pili wagonjwa, ya tatu: "We mtoto, kiki ya huyo mzungu umeificha wapi?"

Nikakesha siku tatu nikichora upande wa kulia wa injini, mwanzo mwisho, bila malipo: kiki, gia, na trei nikaipaka oili zaidi ili bibi afurahi. Safari hii nikamtumia Ba'mdogo kabla ya kuchapa. Hakusalimia hata.

"Kiki naiona. Gia naiona. Hapo sawa, mwanangu. Ila huyo mzee saa kaivaa mkono wa kulia, wa kuvutia mafuta?"

Nikaangalia. Kweli. Nikavaa ndala, nikaenda nyumba ya pili kumwuliza bibi kama saa nayo ni sehemu ya sura.