Apu imeisha, inabaki kupambwa tu

Kuna tangazo linazunguka wiki hii kwenye makundi ya WhatsApp ya Lubumbashi. Kampuni changa inatafuta mbunifu: ajue Photoshop, awe na kompyuta yake mwenyewe (bila shaka), na ndani ya siku kumi aipambe apu ya kutuma pesa "ambayo tayari imeisha". Imeisha! Kama harusi ya Jumamosi pale Kamalondo: viti vimepangwa, bia iko kwenye barafu, sasa aitwe mtu wa maua.

Tumezoea hivyo. Mbunifu kwetu ni kijana wa flaya za mahubiri na kalenda za wagombea. Kumbe kwenye timu inayotengeneza kitu cha kutumiwa na watu, kazi yake kubwa hufanyika kabla rangi yoyote haijaonekana, na ukimwita mwishoni unamlipa kufunika nyufa kwa chokaa.

Chukueni skrini moja tu, ile ya kuandika kiasi. Mama anayeuza unga soko la Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi, si ile nchi) anataka kumtumia mwanawe aliye Kolwezi franga 5.000. Anaandika 5.000, kwa nukta, kama bei zinavyoandikwa kwenye vibao vya mjini. Programu iliyoandikwa kwa desturi ya Kiingereza inaiona nukta ile kuwa ya desimali, kwa hiyo 5.000 inakuwa 5. Kesho mwingine anaandika dola 5,50 kwa koma. Kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu, amri ya kusoma namba iitwayo parseFloat itasoma mpaka kwenye koma na kuacha, senti hamsini zimepotea. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kosa. Kompyuta imetii kilichoandikwa, na developa atakuapia kwamba kwake inafanya kazi, kwa sababu yeye alijaribu kwa 100.

Dawa yake si ngumu. Upande wa franga, toa kibodi ya tarakimu tupu, isiyo na nukta wala koma, kisha programu yenyewe itenganishe maelfu kadiri mtu anavyoandika. Upande wa dola, pokea koma na nukta zote mbili kama alama ya senti, na usikubali zaidi ya tarakimu mbili baada yake. Nusu siku ya kazi, kama mtu ameliwaza mapema.

Halafu lije swali la pesa gani. Timu imechukulia dola, kwa kuwa ofisini mwao mishahara inahesabiwa kwa dola. Franga 5.000 haifiki hata dola tatu, dola 5.000 ni mtaji wa duka. Mbunifu aliye mezani siku ya kwanza, bado watu wanachora mishale ubaoni, angeuliza: huyu mama akiandika 5.000, tunajuaje ni franga? Swali la kitoto. Lakini jibu lake linashuka moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata, kwamba safu ya kiasi haiwezi kukaa peke yake, lazima pembeni yake iwepo safu ya sarafu. Asipokuwepo wa kuuliza, jedwali linajaa namba zilizo uchi. Miezi sita baadaye unaongeza safu ya sarafu, na miamala ya zamani unaijaza nini? Hakuna anayekumbuka. Ujumbe wa risiti unaandikwa upya, hesabu ya makato inaandikwa upya, ripoti ya jioni ya mwenye kabine, kile kibanda cha kutuma na kutoa pesa, inaandikwa upya. Zile siku kumi za kupamba zimekwisha, na mbunifu hajafungua hata hiyo Photoshop yao.

Na mkiweka vitufe viwili, FC na USD, bega kwa bega, ukubwa mmoja, umbo moja, mmerudi kwenye kosa lenye umri wa miaka zaidi ya themanini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia kwenye uwanja, wanakunja magurudumu na kuilaza kwa tumbo. Walitaka kurudisha vibawa vya kutua (flaps). Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kutazama ndani ya ndege: swichi mbili zinazofanana, moja kando ya nyingine. Hakuwatumia marubani semina. Wenzo wa magurudumu ulipewa kichwa chenye umbo la gurudumu la mpira, wa vibawa umbo la kabari, na mkono ukajua wenyewe. Basi sarafu iulizwe kwanza, isichaguliwe mapema na programu; na skrini ya mwisho iandike kwa maneno makubwa: "Unatuma franga elfu tano", na jina la mpokeaji chini yake. Watu watasema skrini moja zaidi inachosha. Inachosha kuliko kumpigia simu mtu usiyemjua Kolwezi ukimwomba akurudishie?

Sasa maneno, na hapa nitapandisha sauti. Timu nyingi huandika apu kwa Kifaransa, halafu mtu anakumbuka kwamba wateja ni Waswahili, wanapitisha kila kitu kwenye mashine ya kutafsiri. Mashine imesoma Dar es Salaam, haijafika Katuba. Inaleta "Salio halitoshi". Salio? Hapa watu wanasema solde. Na "halitoshi" ndiyo balaa lenyewe: kwa Kiswahili chetu kutosha ni kuondoa, mtu akienda kabine anakwenda kutosha franga. Kwa hiyo mteja ambaye amepungukiwa franga 200 tu anasoma kwamba pesa yake haitoki. Imefungwa. Anaondoka kwenda kugombana na kijana wa kabine asiye na kosa lolote. Pembeni kuna kitufe cha "Ghairi", neno ambalo unaweza kutembea kutoka Kenya hadi Ruashi bila kulisikia. Andika "Franga haifike. Inapunguka 200 FC." Wenye kulinda sanifu watakunja uso, na mimi ninayeandika makala hii kwa sanifu nakunja nao kidogo, lakini kitufe si mtihani wa insha. Kuchagua maneno hayo ni kazi ya mbunifu, na haifanyiki bila kukaa chini ya mwavuli wa kabine saa mbili na daftari, kusikiliza wateja wanavyoomba.

Rangi nayo, haya, tuitaje. Kijivu #999999 (ndivyo kompyuta inavyoandika rangi) juu ya nyeupe kina utofauti wa takriban 2.8 kwa 1, na kanuni za kimataifa za WCAG, za kurasa zinazosomeka na kila mtu, zinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Shuka hadi #767676, umepona. Simu yenye mwanga uliopunguzwa ili betri ifike jioni, kwenye jua la Septemba, haitakusamehe. Kitufe kisipungue dp 48 (kipimo cha skrini) kwenye Android, ambayo ni kama milimita tisa. Picha ya mwanzo yenye MB 2 ni mega za mteja unazokula bila kumwomba.

Kuhusu kujaribu: hamhitaji maabara. Chora skrini tano kwenye karatasi, kata, nenda nazo sokoni. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia programu, aliandika tangu mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha (kwa sanifu!) kufichua sehemu kubwa ya matatizo, wakitoka watano, rekebisha, tafuta watano wengine. Mpe mtu kazi, "mtumie dada yako franga elfu tano", halafu nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole. Andika kidole gumba kilisimama wapi. Yanayoharibu zoezi ni mawili: kuleta binamu wa wafanyakazi, na kuuliza "Unaipenda?" Hapa kwetu mtu akiulizwa hivyo na kijana mwenye beji shingoni atajibu "Iko muzuri, patron" hata kama simu ameishika kichwa chini.

Najua mtakachosema. Wabunifu wengine ni mzigo. Kweli. Wapo wanaochora kwa Figma, programu ya kuchorea skrini, kwenye kioo cha inchi 27, picha ya Mzungu anacheka na kikombe cha kahawa, jina la mteja lenye herufi nne tu ili likae vizuri kwenye kisanduku; mpe "Ilunga wa Ngoie Kabamba" uone kisanduku kinavyopasuka. Hawajachora skrini ya mtandao ukikatika, na mtandao ndio unaokatika. Mtu wa namna hiyo hata akija siku ya kwanza ataharibu tangu siku ya kwanza. Na timu ya watu watatu haina pesa ya mbunifu, sawa. Basi mmoja wa hao watatu aibebe kazi hiyo kwa jina, na asiwe yule anayeandika msimbo wa skrini hiyohiyo.

Kwa hiyo, mlioandika tangazo: kabla hamjamwita mtu wa maua, fungueni hiyo apu iliyokwisha. Kwenye kiasi andikeni 5.000, kwa nukta. Zimeni mtandao, bonyezeni "Tuma" mara mbili, washeni tena, mhesabu zimetoka ngapi. Kisha tuandikieni upya hapa kwenye kundi, na safari hii mtaje mshahara.